Manowari Zinatazamana Tu

*Kikundi: Ukoo wa Bibi, Chumbageni*

Dogo wa Dodoma: Shikamooni wote. Mjomba upo? Nimekwama kwenye misheni ninayoitengeneza ya FreeSpace 2, ile gemu ya vita vya angani

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Umekwamia wapi?

Dogo wa Dodoma: Nimeweka manowari mbili uso kwa uso, Orion ya binadamu na Ravana ya Washivan, wale viumbe maadui. Mizinga midogo inapiga vizuri ila miale haitoki hata mmoja. Zinatazamana tu

Mjomba: Hujaifungulia. Ndani ya FRED, hiyo programu ya kutengenezea misheni, manowari inaingia mizinga yake ya miale ikiwa imefungwa. Lazima uandike tukio la kuifungua. Weka beam-free-all kisha jina la meli. Ukitaka mzinga mmoja mmoja tumia beam-free, jina la meli, halafu jina la mzinga wenyewe

Mjomba: Ya kuifunga tena ni beam-lock-all

Dogo wa Dodoma: Kwa nini waifunge sasa? Meli ya vita si ipigane

Mjomba: Kwa sababu mwale ukishatoka haukwepeki. Bomu unaliona linakuja, unalitungua njiani. Mwale unapiga palepale. Ravana ikikuelekezea omo na mizinga yake mikubwa ya mbele iko huru tangu sekunde ya kwanza, Orion yako inapasuka mchezaji bado anatafuta adui yuko upande gani. Mtunzi wa misheni ndiye anayeshika saa

Baba Zuu: Ndiyo maana mimi nasema gemu ya kwanza ya 1998 ilikuwa na vita vya kweli. Manowari zilikuwa zinarushiana risasi za polepole, rubani ana nafasi ya kufanya kazi yake. 1999 wakaleta miale, kila kitu kikawa taa tu

Mjomba: Kaka hapo sikubali kabisa

Baba Zuu: Najua hukubali 😄 sema

Mjomba: Kumbuka hali ilivyokuwa 1998. Manowari mbili zikikaribiana zinachubuana rangi tu. Kazi yote ya kuua inafanywa na ndege za mabomu. Meli ya kilomita mbili, maelfu ya watu ndani, ipo pale kama shabaha. Meli moja tu ndiyo ilikuwa inatisha, Lucifer ya Washivan. Na ilitisha kwa nini? Ilikuwa na miale, tena yenyewe imevaa ngao, kitu ambacho manowari nyingine hazikuwa nacho. Iliipiga Vasuda Prime kutoka angani saa 13 mfululizo, sayari ikaisha

Shangazi: Sasa hiyo waliiuaje kama ina ngao?

Mjomba: Shikamoo shangazi. Ngao hazifanyi kazi ndani ya njia ya mkato wanayopitia kati ya nyota na nyota. Walimfuata humo humo wakavunja mitambo yake mitano ya nguvu

Baba Zuu: Na njia ya kwenda Duniani ikaporomoka. Wale waliobaki nje hawakurudi nyumbani tena. Nilikaa kimya siku ile

Shangazi: Maskini

Mjomba: Basi hadithi ya pili inaanza miaka 32 baadaye, na kila upande sasa una miale. Hata Orion zilezile za vita vya zamani zimefungwa mizinga mipya. Manowari ikipata mwale inakuwa na upande wa hatari na upande wa usalama. Ravana mbele inaua, ubavuni na tezini imepwaya. Kwa hiyo meli inakaaje, inatokea wapi, nani kamtangulia nani, hayo yote yakawa na maana. 1998 hayakuwa na maana

Dogo wa Dodoma: Na rubani anabaki na kazi gani?

Mjomba: Kubwa kuliko zamani. Mzinga wa mwale ni kitu kinachovunjika. Cheza tena misheni ya Bearbaiting. Sathanas, manowari kubwa ya Washivan, inakuja, mbele ina mizinga minne ya miale ambayo haiachi kitu. Upande wetu tuna Colossus, zaidi ya kilomita sita, miaka 20 ya ujenzi, watu 30,000 ndani. Na bado makamanda hawaipeleki kwanza. Wanakupeleka wewe na kikosi chako mkang'oe ile mizinga minne. Colossus inaingia misheni inayofuata, High Noon, Sathanas haina meno tena

Mjomba: Halafu inakuja Sathanas nyingine, mizinga yake mizima, na Colossus yote ile inakufa. Meli ni ileile. Tofauti ni kwamba hapakuwa na marubani waliotangulia

Baba Zuu: Hiyo ya pili iliniuma

Mjomba: Iliuma kwa sababu ya miale kaka. Kwa risasi za 1998 usingeiona meli ile ikikatwa mbele ya macho yako

Baba Zuu: Hapo umenishika. Lakini ile miale ya kupiga ndege ndogo bado siikubali. Inapita kwenye ngao moja kwa moja, unakufa hujui umekosea nini

Mjomba: Hiyo nakubaliana na wewe nusu. Inachosha. Ila dawa yake ni kutokaa karibu. Chukua bunduki ya Maxim, simama mbali, vunja mzinga mmoja mmoja ndipo usogee

Shangazi: Umeme wa Dodoma umerudi wewe mtoto? Usije ukapoteza hiyo kazi

Dogo wa Dodoma: Umerudi shangazi, na ninahifadhi kila baada ya dakika chache 🙏

Dogo wa Dodoma: Mjomba basi nipange hivi: Ravana ipo tangu mwanzo, imefungwa. Orion inatokea baadaye. Nikiweka sharti la has-arrived-delay ya Orion, yaani sekunde 90 tangu itokee, ndipo Ravana ifunguliwe. Mchezaji ana dakika moja na nusu ya kuvunja mizinga ya mbele

Mjomba: Vizuri sana. Ongeza is-subsystem-destroyed-delay kwa kila mzinga wa mbele, ukivunjika kamanda wa Orion atume ujumbe. Mchezaji lazima asikie kwamba kuna watu wanamtegemea

Baba Zuu: Na Orion isitokee mbele ya Ravana. Itokee ubavuni, Ravana ianze kugeuka taratibu. Mchezaji anaiona omo inazunguka, anajua muda unaisha

Mjomba: Kaka! Hiyo ndiyo yenyewe

Dogo wa Dodoma: Nimeijaribu haraka haraka. Sekunde 90, mwanga ukaanza kukusanyika kwenye midomo ya Ravana na ule mvumo wake, mzinga mmoja nimeshauvunja, wa pili ukatoka. Orion imebaki na asilimia 31 lakini imesalimika

Baba Zuu: Tuma faili. Zuu akilala naijaribu