Ukoo wa Magomeni: safari ya Moshi

Shangazi Rehema, saa 3.12 asubuhi: Assalaam alaykum wanafamilia. Nakumbusha kwa mara nyingine kwamba mwisho wa kutuma mchango wa Koasta ya kwenda Kilimanjaro Marathon ni Ijumaa. Wa kilomita 21 hawajathibitisha, ilhali wa kilomita 5 wamekwisha kuchukua fulana kabla hata ya kulipa. Idi, nakuandika kwenye 21.

Mwanahamisi, saa 3.40: Shangazi, samahani, usimwandike kwanza. Leo wakati wa mazoezi Idi alilalamika kidogo tu kwamba kifua kinabana, lakini tulipokwisha kusimama, badala ya pumzi kutulia ikazidi kupanda, akakaa ukingoni mwa mtaro, na maneno "niacheni kidogo tu" akayatoa vipande vitatu huku kifua kikipiga mluzi.

Salumu, saa 3.42: Kilichombana ni chapati nne za alfajiri.

Zuhura, saa 3.43: Tano. Moja aliikunja mfukoni.

Shangazi Rehema, saa 3.50: Tusitoke kwenye mada. Idi, mwanangu, hukufanya mazoezi ya kutosha. Ongeza mwendo wiki hii, utazoea.

Idi, saa 4.30: Shikamoo Shangazi. Nami naona hivyo. Salumu amesema ataniazima pampu ya pumu ya mkewe.

Ba'mdogo Hamza, saa 5.05: Kwa kuwa mchango umetajwa, naomba na hesabu ya Koasta ya Tanga, ambayo baadhi yetu tuliilipia na tukarudi tumesimama.

Shangazi Rehema, saa 5.06: Hamza, hesabu hiyo ilisomwa nawe ukiwepo.

Ba'mdogo Hamza, saa 5.20: Ulisomwa ukurasa wa kwanza.

Dada Mariamu, saa 8.25 mchana: Nimetoka zamu sasa hivi. Kuhema baada ya mbio ni kawaida, na kwa mtu mwenye afya hutulia baada ya muda mfupi. Lakini kifua kinachozidi kubana na kupiga mluzi dakika 5 hadi 15 baada ya kusimama hunifanya nifikirie mirija ya hewa iliyobanwa na mazoezi, jambo linaloweza kumpata hata asiyewahi kuambiwa ana pumu. Anayekimbia kwa kasi hupumua kwa mdomo, hewa ikashuka bila kupashwa joto wala kulainishwa na pua, mirija ikakauka na kujibana, na njia yetu ina vumbi na moshi wa taka zinazochomwa alfajiri. Kuongeza mwendo hakutibu hilo. Wala pampu haiazimwi: daktari akithibitisha, atakuelekeza kuivuta kama dakika 15 kabla ya kukimbia, lakini kwanza upulize kwenye kipimo cha mapafu, upimwe na damu na moyo, kwa sababu upungufu wa damu na ugonjwa wa moyo nao hukatisha pumzi.

Salumu, saa 8.31: Basi Idi amestaafu mbio.

Dada Mariamu, saa 8.40: Hapana. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu ya namna hiyo, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo. Ila alitibiwa, hakubahatisha. Na mkiona midomo imebadilika rangi, maumivu ya kifua au kuzirai, mpelekeni hospitali, msije kuuliza humu.

Bibi, saa 11.47 jioni: Nimesomewa yote na Zuhura. Seif naye tulimwambia atazoea. Idi hakimbii mpaka daktari amsikilize kifua.

Shangazi Rehema, saa 1.55 usiku: Tumesikia, Mama. Jina la Idi nimeliwekea alama ya kuuliza. Nauli hata hivyo ailipe, kwani kiti kimeshahesabiwa.

Idi, saa 2.10: Nimesikia, Bibi. Jumatano nina kazi, labda Alhamisi.

Dada Mariamu, saa 2.14: Alhamisi nina zamu ya mchana. Nani mwingine anaweza kumsindikiza?

Zuhura, saa 3.30: Na fulana yake ya 21 nimpe, au nibaki nayo?