Taa ya betri inawaka nikiingia barabara ya vumbi. Ninunue betri kweli?

MamaNguru_DeepSea
Asalaam aleykum wenye magari. Nina Probox ya injini 1NZ, nabebea samaki kutoka soko la Deep Sea hapa Tanga hadi Muheza na Korogwe. Siku hizi ile taa nyekundu ya betri inanichezea. Nikiwa lami, kimya. Nikiingia vumbi tu inawaka, inazima, inawaka tena. Juzi natoka Korogwe usiku, nimeshapita Segera, ikawaka moja kwa moja. Taa za mbele zikafifia, usukani ukawa mzito kama nakokota ngalawa. Nikazima redio na feni, nikafika Chumbageni kwa dua. Asubuhi stata ikagoma, kijana wa jirani akanibusti kwa betri ya gari lake.

Kuna fundi kaja, kaangalia kwa macho tu, hakushika kipimo chochote, akasema betri imekufa, lete hela. Betri yenyewe haijamaliza mwaka! Na samaki wenyewe msimu huu mnawajua. Naomba mwenye ujuzi anieleze kabla sijafungua pochi.

Dogo_Mikanjuni
Mama, hiyo rahisi. Washa gari, halafu chomoa temino (kichwa cha waya) ya hasi ya betri. Gari likizima, altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, imekufa. Likiendelea kuunguruma, altaneta nzima, kanunue betri.

FundiWaya_Ngamiani
Dada, usithubutu kufanya hivyo. Na wewe mdogo wangu, kipimo hicho kilikuwa cha magari ya babu zetu. Ukichomoa betri injini ikiwa inazunguka, umeme wa altaneta unaruka juu ghafla, unaweza kuunguza dayodi (vipande ndani ya altaneta vinavyogeuza umeme uwe wa DC) na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Hapo mama wa watu ataacha kuuza samaki aanze kuuza vyombo vya ndani.

Tuje kwenye gari. Taa ile ina picha ya betri, ndiyo maana watu wanakimbilia dukani. Lakini inachosema ni kwamba betri haichajiwi. Ikiwaka safarini, betri ndiyo inayobeba mzigo wote peke yake. Taa kubwa mbili za wati 55 zinakula karibu ampia 9, bado pampu ya mafuta, koili za plagi na feni ya rejeta. Usukani wa Probox nao unasaidiwa na mota ya umeme, umeme ukipungua lazima uwe mzito. Kwa hiyo betri kuamka imekufa si ajabu, ilikesha kazini.

Tafuta multimita (kipimo cha umeme), hata ile ya bei rahisi. Weka kwenye volti za DC, 20. Gari likiwa limezimwa tangu usiku, betri iliyojaa inasoma kama 12.6. Washa injini, pima palepale kwenye vichwa vya betri: nataka nione kati ya 13.5 na 14.5. Kisha washa taa kubwa na feni uone kama inashuka chini ya 13. Ikishuka, tatizo liko kwenye kuchaji, usikimbilie betri.

Kabla ya hapo fungua boneti uangalie temino. Sisi wa pwani chumvi ya bahari haituachi, na wewe unashinda Deep Sea. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani, fungua kwa spana namba 10 (hasi kwanza), mwagia maji ya moto yenye magadi, sugua, kausha, kaza. Usisahau waya wa ethi unaoshika bodi.

Mstaafu_Raskazone
Niongeze la mkanda. Kwenye 1NZ mkanda mmoja unazungusha altaneta na pampu ya maji pia. Taa ikiwaka pamoja na mlio mkali kama wa mluzi asubuhi, mkanda umelegea au umechakaa. Ukikatika safarini simama hapohapo, usiseme nitafika Kange, utachemsha injini.

MamaNguru_DeepSea
Kaka Fundi, nimepima na mwanangu. Gari limezimwa: 12.1. Injini inawaka: 13.9, nikafurahi. Kuwasha taa na feni ikashuka 12.3 na ile taa nyekundu ikajitokeza. Temino safi, mkanda umekaza, hauna nyufa. Hapo vipi?

FundiWaya_Ngamiani
Umenipa jibu lote. Altaneta ingekuwa imekufa kabisa usingeona 13.9. Inachaji na kukata, na inakata zaidi kwenye mtikisiko: nahisi kaboni za altaneta zimeisha. Hizo ni vijiti viwili vinavyopeleka umeme kwenye rota inayozunguka. Zikibaki fupi springi haizisukumi vizuri, kila shimo la barabara zinaachia. Injini ikiwa inawaka na taa ile imetokea, gonga mgongo wa altaneta taratibu kwa mpini wa bisibisi, mkono na nguo viwe mbali na mkanda. Taa ikizima, ndiyo zenyewe.

Fundi atakayeifungua asikubadilishie altaneta nzima ya mtumba kwanza. Abadilishe kaboni, aangalie pete za rota kama hazijachimbika, apime na dayodi. Ukae pale anapofungua, akuonyeshe.

MamaNguru_DeepSea
Nimegonga, ikazima! Nimepeleka kwa fundi umeme wa huku kwetu, kaitoa mbele yangu. Kaboni moja ilikuwa imebaki kidogo mno, nyingine imekatika pembeni. Pete kasugua na msasa laini, dayodi nzima. Sasa hivi na taa, feni na waipa zote inasoma 14.1. Na gharama haikufika hata robo ya betri aliyotaka kuniuzia yule bwana. Allah akuzidishie. Naweza kwenda Korogwe kesho?

FundiWaya_Ngamiani
Muheza sawa, Korogwe ngoja. Hiyo betri imekaa na njaa muda mrefu, usiiachie altaneta kazi ya kuijaza. Ipeleke ichajiwe kwa chaja usiku kucha, ipumzike saa kadhaa, halafu pima kabla hujawasha. Ikisoma 12.5 kwenda juu na stata ikazungusha kwa nguvu, nenda zako. Ikirudi 12.1, hapo sasa tuzungumze betri.