Naomba ushauri: blogu yangu ya Kigoma na ziwa, wasomaji hawaongezeki

MwanaUjiji
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nipo Ujiji, Kigoma. Nina blogu kwenye Blogger, naandika kuhusu dagaa, migebuka, mawese, usafiri wa ziwani na mapishi ya huku kwetu. Kazi hii naipenda na siiachi. Shida ni wasomaji. Nikitupia linki kwenye magrupu ya WhatsApp siku hiyo watu wanaingia, kesho yake kimya. Rafiki ananishauri niweke habari za wasanii na mechi za Simba na Yanga. Wengine wanasema niandike kila siku, lakini mimi ni mwalimu, nafasi yangu ni jioni na Jumamosi. Nianzie wapi? Na hela ya matangazo mtu wa mkoani anaipataje?

Mzee wa Stesheni
Mwalimu, Simba na Yanga waachie wenye watu uwanjani. Huwezi kuwawahi, na msomaji akija kwa ajili ya matokeo hatabaki kusoma habari za mawese.

Jiulize hivi: mtu yupo Dar anataka dagaa wa Kigoma wa jumla, anaogopa kuuziwa wenye mchanga. Nani atamwelekeza? Wewe, maana mwalo wa Kibirizi, wanakoshusha dagaa, unaufikia kwa bodaboda. Watu Google wanaandika swali, kwa hiyo kichwa cha habari kiwe ni lile swali. "Utamu wa dagaa wetu" hakuna anayeitafuta. "Jinsi ya kutambua dagaa wa Kigoma wasio na mchanga" inatafutwa.

Halafu ndani umtendee haki. Mweleze kwamba dagaa waliokaushwa juu ya kichanja hupitiwa na hewa juu na chini, hawagusi ardhi. Wa kuanikwa mchangani, chukua kiganja kimoja, wasugue taratibu juu ya karatasi nyeupe, kisha waondoe uone chembe zilizobaki. Fanya hivyo kwa aina zote mbili, piga picha karatasi zote mbili zikiwa sambamba. Hiyo picha haipo kwingine mtandaoni, imetoka mikononi mwako.

Binti Mwandiga
Naunga mkono, na kuhusu kuandika kila siku usijitese. Makala moja nzuri kwa wiki inatosha, ila ifuate ziwa. Wavuvi wetu wanavua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa vizuri, wengi wanapumzika na mzigo mwaloni unapungua. Siku hizo ndipo wanunuzi wanauliza maswali, kwa hiyo makala yako itangulie mwezi mpevu. Vivyo hivyo na kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tangazo la namna hiyo likitoka, liandike siku hiyohiyo, kwa lugha ambayo mama muuza samaki ataielewa.

Pia uwe na makala za kudumu. Meli ya ziwani MV Liemba iliyoundwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaja kuopolewa 1924. Stanley kukutana na Livingstone hapo kwenu Ujiji 1871. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall kufika Gombe 1960. Historia hiyo imeandikwa sana, wewe ongeza kinachokosekana: mgeni akishuka treni Kigoma anafikaje Ujiji, apande nini, nauli kiasi gani. Nauli ikipanda, sahihisha makala ileile, usifungue mpya.

Fundi Wavu
Ya kiufundi kwa kifupi. Picha ya simu inaweza kuwa na MB 4. Ipunguze ibaki chini ya KB 150 kabla ya kuipandisha, msomaji wako anatumia bando la kujipimia. Sajili blogu Google Search Console, ni bure, utaona maneno yanayoleta watu. Na hifadhi nakala ya blogu nzima kupitia mipangilio ya Blogger kila baada ya muda.

Dada wa Katonga
Mwalimu, kwanza sheria. Tuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zikaja za 2020, zikarekebishwa 2022. Uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama unachoandika kinahitaji leseni, hasa ukigusa habari na matukio. Usisubiri kuulizwa.

Hela: AdSense, huduma ya matangazo ya Google, wanalipa salio likifika dola 100. Likifika dola 10 wanakutumia PIN ya kuthibitisha anwani yako kwa posta, barua ya kawaida kabisa, hivyo jaza sanduku la posta ambalo kweli unalifungua. Kwa wasomaji wachache dola 100 itachelewa. Mimi ningeanza na nyumba za wageni na wasafirishaji wa mizigo wa hapa mjini, tangazo dogo kwa mwezi, mnakubaliana uso kwa uso. Wakikupa hela, andika wazi kwamba ni tangazo.

MwanaUjiji
Asanteni sana, nimepata mwanga. Jumamosi naenda Kibirizi na karatasi zangu. Swali moja: posti za zamani zenye vichwa vibovu nizifute?

Fundi Wavu
Usifute, Mwalimu. Badilisha kichwa na aya ya kwanza tu. Kwenye Blogger linki ya posti iliyokwisha kuchapishwa haibadiliki ukibadili kichwa, kwa hiyo waliowahi kuihifadhi bado wataifikia. Anza na zile ambazo Search Console inaonyesha zinatokea Google lakini hazibofywi.