Mwanangu ana hemofilia (ugonjwa wa kurithi, damu haigandi vizuri), wanaomba damu yake kwa utafiti na mama mkwe kakataa. Naombeni ushauri

mama_wawili_Tanga:
Habari zenu wadau, mnivumilie nitaandika kirefu maana sina wa kumwambia. Nina mtoto wa kiume ana miaka 4. Alipotahiriwa akiwa na miezi mitano damu haikukata, siku ya tatu bado nepi inalowa, pale hospitali wakaongeza nyuzi wakaongeza bandeji, mtoto kawa mweupe mpaka midomo, akaongezewa damu ndo ikatulia. Hakuna aliyesema hebu tupime damu yake inavyoganda. Alipoanza kutambaa mabaka meusi kila mahali, jirani akawa anasema nampiga. Mwaka huu goti likavimba kama embe dodo, hakanyagi, analia usiku kucha, tukapewa rufaa Muhimbili ndo tukaambiwa hemofilia A tena ile kali, fakta namba 8, yaani ile protini ya kugandisha damu, haifiki hata asilimia 1.

Nikampigia mama yangu. Alinyamaza muda mrefu kisha akasema kaka zake wawili, yaani wajomba zangu, mmoja alifia jandoni, mwingine aling'olewa jino damu ikamwisha. Miaka yote hiyo kwetu ilisemwa walirogwa kwa sababu ya shamba. Ukweni waliposikia ndo balaa, eti nimeleta damu mbovu kwenye ukoo.

Sasa kliniki wanataka wamsajili mtoto kwenye daftari la wagonjwa halafu wachukue sampuli kwa utafiti wa jeni. Mama mkwe kasema damu ya mjukuu wake haiendi kuuzwa, na mume wangu hawezi kumpinga mama yake. Na mimi kusema kweli naogopa. Kuna aliyepitia hili?

Kaka_Kahama:
Pole sana dada. Mimi nina hiyo hiyo, A kali, nina miaka 33, niko hai na nina watoto wawili, kwa hiyo usikate tamaa kabisa. Goti langu la kushoto halikunji, hiyo ni kwa sababu nimejulikana nikiwa na miaka 19 na kabla ya hapo nilikuwa nakandwa maji ya moto na kuchuliwa, kumbe damu inavujia ndani ya kiungo na unapochua unaizidisha. Usiruhusu mtu amchue mwanao. Akianza tu kusema goti linawasha au lina joto usisubiri livimbe, mlaze, inua mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, zungushia bandeji, mkimbilie fakta. Aspirini, diklofenaki, ibuprofeni hapana, Panadol inatosha. Na asichomwe sindano ya takoni bila kuwaambia ana hemofilia.

Kuhusu kusajiliwa, dada sajili hata kesho. Fakta tunayopewa bure sehemu kubwa ni msaada unaopitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, sasa utaombewaje dawa kama hakuna anayejua upo? Hilo shirikisho lilianzishwa 1963 na mgonjwa kama sisi, Frank Schnabel wa Kanada, ndo maana siku yetu ni 17 Aprili, alizaliwa tarehe hiyo. Ugonjwa huu unakadiriwa kumpata mtoto wa kiume 1 kati ya 5,000 hivi, piga hesabu kwa Tanzania nzima halafu angalia mnaokutana kliniki. Wengine wako wapi? Wako kama wajomba zako.

nesi_mstaafu:
Mama, hofu yako ina msingi, usione aibu. Miaka ya 80 wagonjwa wengi wa hemofilia Ulaya na Marekani waliambukizwa Ukimwi kwa fakta iliyotengenezwa kutokana na damu za watu, na wapo waliojua hatari wakanyamaza. Siku hizi inasafishwa, na nyingine haitoki kwenye damu ya mtu kabisa. Kwa hiyo uliza, ni haki yako. Utafiti wowote wa afya hapa kwetu lazima uwe na kibali cha maadili, waombe wakuonyeshe, fomu iwe ya Kiswahili, waulize sampuli inakwenda wapi na inakaa muda gani. Unaweza kujitoa siku yoyote na matibabu ya mtoto yasiguswe. Na kusajiliwa na kutoa sampuli ni vitu viwili, unaweza kukubali kimoja.

Ila mimi ningekubali vyote. Karibu nusu ya wenye hemofilia A kali kipande cha jeni kimegeuka juu chini, wengine kosa liko mahali pengine, na aina ya kosa inasaidia kujua nani mwili wake utaikataa fakta kwa kutengeneza kingamwili. Watu weusi wanapata kingamwili hizo zaidi ya wazungu, halafu dawa nyingi zimejaribiwa kwa wazungu. Hilo linaniuma sana. Ipo dawa inaitwa Hemlibra, inachomwa chini ya ngozi na inafanya kazi hata kwa mwenye kingamwili, lakini tutapangaje nani aanze kama hatujui watoto wetu wana nini?

BibiMoshi:
Mwanangu, mimi nilikuwa huyo mama mkwe. Nilikataa mwaka mzima. Siku moja mkwe wangu aliumwa nikalazimika kumpeleka mjukuu kliniki mwenyewe, nikakuta watoto benchi zima wana magoti yale yale, Wapare, Wasukuma, Waarabu. Nikajua si mchawi wa kwetu. Usibishane naye nyumbani, nenda naye.

mama_wawili_Tanga:
Ahsanteni mno, nimesoma nalia. Kliniki ni Alhamisi, nimemsomea bibi yake maneno ya BibiMoshi, hajakubali ila kasema atapanda basi na sisi aulize mwenyewe. Nina binti pia, mwaka na nusu, naye apimwe? Na barafu nifanyeje, huku umeme unakatika siku nzima.

nesi_mstaafu:
Binti apimwe kiwango cha fakta, anaweza kuwa amebeba jeni na damu yake nayo ikachelewa kuganda, mjue mapema kabla ya upasuaji wowote au kuvunja ungo. Barafu ikikosekana chovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, badilisha kila kikipata joto. Alhamisi mbebe mtoto, asitembee kutoka stendi.