Bangi na kumbukumbu: kwa nini ya zamani yanabaki na ya sasa yanapotea?

Swali
Habari zenu. Mdogo wangu anajiandaa kwa mitihani, na huvuta bangi kabla ya kufungua vitabu akishikilia kwamba inamtuliza na kumfanya aelewe upesi. Ninachokiona mimi ni kwamba anaanza kunieleza jambo, akifika katikati hajui alianzia wapi, ilhali ya utotoni anayasimulia bila kukosea. Naomba mwenye ufahamu anieleze ni nini hasa kinachovurugika, na kwa muda gani.

Jibu la kwanza
Ndugu, hali hiyo inafahamika vizuri kwa watafiti. Kemikali inayolewesha katika bangi, yaani THC, hujishikiza kwenye vipokezi vya seli za ubongo viitwavyo CB1, ambavyo kwa kawaida hupokea kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe ili kurekebisha mawasiliano kati ya seli. Vipokezi hivyo ni vingi sana katika hipokampasi, sehemu inayogeuza mambo mapya kuwa kumbukumbu, na vimo pia katika sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kushikilia wazo moja huku tukishughulikia jingine. Ndiyo maana mwanzo wa sentensi unampotea kabla hajaimaliza, wakati yaliyohifadhiwa zamani hayaguswi sana. Aliyelewa bangi akisomewa orodha ya maneno, baadaye atakumbuka machache, na huenda akataja kwa uhakika neno ambalo halikuwamo kabisa. Kwa mwanafunzi, hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana hatajua kwamba amekosea.

Jibu la pili
Kuhusu muda, inategemea kiasi, nguvu ya bangi yenyewe na mazoea ya mtumiaji. Akivuta, athari huanza ndani ya dakika chache, hufikia kilele baada ya kama nusu saa, na kwa kawaida hupungua ndani ya saa 2 hadi 4. Akiila, huanza baada ya dakika 30 hadi saa 2, kwa kuwa hupitia kwanza tumboni na kwenye ini, na yaweza kudumu saa 6 hadi 8 au zaidi. Wengi huzidisha kwa kudhani haijafanya kazi. Katika saa hizo umakini hutawanyika, dakika huonekana ndefu kuliko zilivyo, na mwili huchelewa kuitikia, kwa hiyo tafadhali asiendeshe chombo chochote cha moto, hasa akichanganya na pombe.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, akiacha siku chache kabla ya mtihani itatosha?

Jibu la tatu
Kuacha kutamsaidia, kwani uzito wa mawazo unaobaki kwa wanaovuta kila siku huendelea kupungua kadiri siku na majuma yanavyopita. Hata hivyo, asingoje hadi usiku wa kuamkia mtihani ndipo aache, kwa sababu aliyezoea huweza kukosa usingizi na kuwa mwepesi wa hasira katika juma la kwanza. Na zile sura alizozisoma akiwa amelewa azisome upya, kwa kuwa yale ambayo ubongo haukuyahifadhi vizuri tangu mwanzo hayatajirudisha yenyewe hata akili ikitulia.