Kitaliano cha ufukweni Kiwengwa kitanifaa Bologna?

Mpishi wa Kiwengwa:
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimefanya kazi ya upishi hotelini hapa Kiwengwa kwa miaka 6, na Kitaliano nilicho nacho nimekiokota kwa wageni na kwa vijana wenzangu wa ufukweni, bila ya kukaa darasani hata siku moja. Mwezi wa Septemba, inshaallah, nahamia Bologna, Italia, kwa kaka yangu, naye ameniambia kwamba Kitaliano changu ni cha kuuzia madafu. Je, nianze upya?

Mpemba wa Wete:
Waalaykum salaam. Niliishi Reggio Emilia miaka 9 kabla ya kurudi nyumbani. Kaka yako amesema kweli, ingawa ulimi wake ni mkali. Ila ya Kitaliano cha ufukweni si uchache wa maneno, ni vitenzi. Hapa tunasema "ieri io mangiare pesce", yaani "jana mimi kula samaki", na mgeni aliyekuja kupumzika hajali. Huko, tajiri wako wa kazi atataka kusikia "ieri ho mangiato", jana nilikula, na ukitaja kwenda utasema "sono andato", au "sono andata" ikiwa wewe ni mwanamke.

La pili ni adabu. Wiki yangu ya kwanza niliingia posta, nikamwambia mama wa dirishani, mtu mzima mwenye mvi, "Ciao, dammi un francobollo", yaani "mambo, nipe stempu". Aliniangalia juu ya miwani, akanisukumia stempu bila ya neno. Ilikuwa sawasawa na kijana kumwambia bibi yake "mambo". Shikamoo ya Wataliano imo ndani ya kitenzi: mtu mzima usiyemjua humwiti "tu", yaani wewe ya kawaida, unamwita "Lei", wewe ya heshima, na "dammi" inageuka kuwa "mi dia".

Mtembezaji wageni, Mji Mkongwe:
Naongeza la matamshi. Maandishi yao yana mtego kwetu, kwani "che" husomwa "ke", na "ce" ndiyo husomwa "che". Herufi ikiandikwa mara mbili ikaze, kama shadda tuliyofundishwa chuoni: "sete" ni kiu, "sette" ni saba, na "anno", yaani mwaka, ikipungukiwa na n moja huwa neno ambalo sitaliandika hapa. Hata hivyo, usianze upya. Sikio lako limeshazoea mwendo wao, na hilo ndilo linalowachelewesha wanaoanzia vitabuni.

Mpemba wa Wete:
Hapo kwenye sikio nakubali. Ukifika, kajiandikishe CPIA, vituo vya serikali vya elimu ya watu wazima, ambavyo mwaka wao wa masomo huanza Septemba. Ujuzi wa lugha wa ngazi ya A2, ya pili kutoka chini, utadaiwa siku utakapoomba kibali cha ukaazi wa muda mrefu, baada ya miaka 5. Na usijifungie na Waswahili watupu. Miezi yangu 7 ya mwanzo nilikaa nyumba moja na Wapemba wanne, tukapika, tukacheza karata, na Kitaliano kikabaki nje ya mlango.

Mpishi wa Kiwengwa:
Ahsanteni sana. Leo mchana nimemwambia mzee mmoja wa Kitaliano, "Lei desidera altro?", yaani "utapenda kingine?" Aliweka uma chini, akaniuliza nimesomea skuli gani.