Wafamasia wenzangu, nibaki dirishani au niingie wodini?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi mfamasia, nipo Pemba, mwaka wa 3 huu kazini. Shahada miaka 4 na mafunzo ya vitendo juu yake, lakini kazi yangu kutoa dawa dirishani na kuhesabu stoo, basi. Moyo uko wodini. Juzi mgonjwa wa figo kaandikiwa gentamisini (antibiotiki inayoweza kuumiza figo) dozi kamili, nikamwambia daktari, akanijibu, "Wewe toa dawa tu." (Baadaye aliipunguza, kimyakimya.) Nimeomba kuzunguka wodi na madaktari asubuhi, sijajibiwa mpaka leo.

Mliosoma uzamili wa famasia ya hospitali na kliniki MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili, Dar es Salaam), ruhusa ya kazini mliipataje? Na mliporudi visiwani mlipangiwa wodi, au dirisha lilelile?